Sauti ya Kaka Yako Imeondolewa

Juu ya duka la miwani,
Ghorofa ya pili, mlango wa kijani.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Wifi yangu,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti lako sasa linakubali kupanda ngazi bila kununa. Baridi je, imepungua, au bado mnavaa soksi mbili mbili hata kitandani?

Sisi huku hatujambo. Mgongo wangu unanisumbua kidogo kwa sababu pale kwenye kiwanda cha mikate wamenunua trei mpya, na aliyezichagua bila shaka hajawahi kubeba trei. Mama yenu macho yake ni yale yale, giza tu, lakini masikio yake yamekuwa makali mno. Nikifungua kopo la sukari jikoni anauliza kutoka sebuleni ni kijiko cha ngapi. Anakula vizuri, analala vizuri, anagombana na mimi vizuri. Binti yetu yuko chuoni, anasema anasoma, nami nasema naamini.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Nilianza kukuandikia haya kwenye simu, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta tena. Ni mambo marefu, na mimi mwenyewe sijayaelewa, na kwenye simu mtu huandika kama anayekimbizwa. Basi leo nimesukuma vyombo pembeni, nimekaa mezani na kalamu, nikueleze taratibu. Huenda wewe utaelewa.

Ni habari za kaka yako. Usishtuke. Mimi nilidhani mtu akishazikwa hana tena habari mpya. Kumbe anazo.

Unaijua ile tamthilia ya daktari wa wanyama, ya kigeni, yule mzee anayezunguka kwenye mashamba ya milimani na gari ambalo mlango wake haufungi. Kaka yako ndiye aliyemtia daktari yule sauti ya Kiswahili, mwanzo hadi mwisho. Wewe ulikuwa umeshaondoka wakati ule, kwa hiyo hukuyaona tuliyoyaona sisi. Alikuwa anafanyia mazoezi ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti, eti makoti yanameza mwangwi. Mimi nafungua kabati nitoe gauni la kazini, nakutana na mwanamume mzima ameshika karatasi na tochi, ananiambia kwa upole kwamba ng'ombe wangu ana mimba ya mapacha.

Hapa mtaani wakaanza kumwita Daktari. Yule mama wa ghorofa ya chini alimletea paka aliyekataa kula. Kaka yako akamwambia ukweli, kwamba yeye ni mtu wa kusoma karatasi tu, paka hamjui. Yule mama akajibu, "Najua, lakini ongea naye kidogo." Akaongea naye. Paka akala. Usiniulize.

Alipofariki, tamthilia ilikuwa bado ipo kwenye ile huduma ya filamu za mtandaoni tunayoilipia kila mwezi. Binti, kabla hajaenda chuoni, alibandika kipande cha plasta kwenye kitufe kimoja cha rimoti ili kidole cha Mama kikitambue. Mama akibonyeza, mwanawe anaanza kuongea. Ikawa kila alasiri nikirudi kutoka kazini, unga bado umenikaa kwenye nyusi, nawakuta pamoja, Mama na daktari.

Mwanzoni niliogopa. Nilidhani anajidanganya, kwamba siku moja ataniambia nimtengee sahani. Nikamuuliza, kwa kuzunguka zunguka, unajua ninavyozunguka. Akanijibu, "Mimi ni kipofu, si mwehu. Najua mwanangu alipo. Nataka tu kumsikia akiwa kazini."

Tangu hapo nami nikawa nakaa naye.

Kuna sehemu moja aliyoipenda kuliko zote. Daktari anaitwa na bibi mmoja mpweke ambaye farasi wake mzee amelala chini, hainuki. Daktari anamshika farasi shingoni, anakaa kimya, halafu anamwambia yule bibi: "Hana ugonjwa, mama. Amechoka tu. Na wewe umechoka. Tukae naye hapa." Kaka yako aliirekodi sehemu hiyo muda mfupi baada ya baba yenu kufariki. Nadhani ndiyo maana Mama alikuwa hapumui mpaka iishe.

Sasa sikiliza. Siku moja mwezi uliopita narudi kutoka kazini, nafungua mlango, televisheni inaongea lakini Mama hakuegemea kiti kama kawaida yake. Amekaa wima, mikono magotini, kama mtu aliyeketi kwenye benchi la hospitali. Hakunisalimia. Aliniuliza, "Huyu ni nani?"

Nikatazama. Daktari ni yule yule, kofia ni ile ile, gari na mlango wake mbovu. Akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mwanamume mwingine kabisa. Sauti safi, imenyooka, kama inasoma taarifa ya habari.

Nilidhani nimekosea kitu. Nikazima, nikawasha. Nikaingia kwenye mahali pa kuchagua lugha, nikakuta pameandikwa Kiswahili. Nikachagua lugha nyingine, nikarudi kwenye Kiswahili. Nikatoa betri za rimoti nikazipangusa kwa gauni, sijui kwa nini, mtu akichanganyikiwa hufanya lolote. Bado ni yule yule mgeni. Mama akasema taratibu, "Nenda kwenye farasi."

Nikaenda kwenye farasi. Daktari akamshika shingoni, akafungua mdomo, akasema: "Ninasikitika kukufahamisha, bibi, kwamba farasi wako hatapona."

Wifi, hata maneno si yale. Mama akaomba nizime.

Kesho yake nilimwita fundi umeme wa mtaani, yule tunayemwita Waya. Akaja na mkoba wake, akakagua nyaya, akachomoa kisanduku cha intaneti na kukichomeka tena, akapanda hadi juu ya paa ingawa sikumwambia apande. Akafungua tamthilia ile kwenye simu yake mwenyewe. Sauti ni ile ile mpya. Akajikuna shingo. Akasema, "Mama, umeme wako hauna kosa." Nikamuuliza kama anaikumbuka sauti ya kaka yako. Akasema anaikumbuka sana, ilikuwa nzito kama ya basi linalopanda mlima. Haikuwa nzito hata kidogo. Nikamshukuru, nikampa mkate.

Kazini nikamuuliza mwenzangu wa tanuri, ambaye alikuwa akiitazama tamthilia ile pamoja na wanawe. Akasema, "Mbona mimi naisikia ni ile ile?" Akaniangalia vile watu wanavyowaangalia wajane.

Basi nikaandikia huduma kwa wateja. Kuna mahali unaandika na mtu anakujibu hapo hapo, kama kweli ni mtu. Nikamweleza kwamba sauti ya Kiswahili imeondolewa. Akajibu kwamba anaelewa usumbufu nilioupata, na kwamba sauti ya Kiswahili ipo, nichague Kiswahili. Nikaandika: Kiswahili nimekichagua, lakini huyu anayeongea si mume wangu. Halafu akaniuliza kama ninataka kubadilisha taarifa za mume wangu kwenye akaunti.

Nilicheka, wifi. Nilicheka peke yangu jikoni hadi Mama akauliza kuna nini. Nilipomsomea, akacheka naye. Halafu tukaacha wote wawili, maana hatukujua tena tunachocheka ni nini.

Nikapiga simu. Safari hii alipokea dada mmoja mwenye heshima zake, akanisikiliza bila kunikatiza. Akasema, "Mama, kwenye mfumo wetu naona sauti moja tu ya Kiswahili. Nyingine haionekani iliwahi kuwepo."

"Iliwahi kuwepo," nikamwambia. "Mwenye sauti hiyo nimelala naye kitanda kimoja tangu ujana wangu."

Akasema pole. Halafu akarudia kwamba kwenye mfumo haionekani, na kwamba maudhui yao hubadilika mara kwa mara ili kutupa burudani bora zaidi. Ungesikia sauti yake ungejua hata yeye anasoma karatasi.

Hapo ndipo nilipoanza kujishuku. Zamani mwisho wa kila sehemu yalikuwa yanapita majina ya waliotia sauti, na la kaka yako lilikuwa juu ya yote. Nikaenda kulitafuta. Kuna jina jingine. Waya anakumbuka basi linalopanda mlima, mwenzangu anasema hakuna kilichobadilika, kampuni inasema hakukuwa na kitu. Nikajiuliza, je, mimi ndiye niliyekuwa nasikia sauti ya mume wangu kwa sababu nilitaka kuisikia? Nikaenda chumbani nikafungua kabati. Makoti yapo, na mfukoni mwa moja nikakuta tochi.

Nikampigia binti chuoni. Akaniambia nisihofu, yeye aliihifadhi sehemu ya farasi kwenye simu yake kabla ya kusafiri, ili aisikilize akiwa na hamu na baba yake. Nikamwambia aifungue hapo hapo nikiwa nasikia. Akafungua, ikamwandikia kwamba muda wake umekwisha. Kisha akasema, "Mama, kitu kiko ndani ya simu yangu, kinaniambia si changu." Nami nilitaka kumjibu kama mama anavyopaswa kujibu, nikaishia kumuuliza kama amekula.

Haikuishia hapo. Wiki iliyofuata tamthilia ilitoweka yote. Ukiitafuta inakwambia haipatikani katika eneo lako. Eneo lipi? Sisi hatujahama, duka la miwani liko chini yetu tangu mimi nilipoolewa. Baada ya siku chache ikarudi, lakini inaanzia msimu wa pili. Mama aliposikia hivyo akauliza, "Wale ng'ombe wa mwanzo wamekufa?"

Utaniuliza kama hatuna sauti yake mahali pengine. Unamjua kaka yako alivyokuwa mgumu na simu. Nilichobaki nacho ni ujumbe mmoja wa sauti ananiagiza nisisahau balbu, na nyuma yake kuna mtu anakata chuma. Mama aliusikia mara moja akasema nisiurudie. Anasema pale hayuko kazini, anapiga kelele tu.

Basi nikaomba ruhusa kazini nikaenda studio aliyokuwa akifanyia kazi. Iko nyuma ya kiwanda kidogo cha kuchapisha, unapanda ngazi za chuma, mlango wameupigilia sponji ya godoro. Fundi mitambo wao bado ni yule yule, yule waliyekuwa wakimwita Masikio, aliyekuja msibani na kusimama karibu na mlango muda wote. Aliponiona akaondoa vile vitu vya masikioni, akanivutia kiti, na kabla sijasema kitu akasema, "Nilijua utakuja, shemeji. Nilikuwa naomba usije."

Akanieleza. Nitakueleza kama nilivyoelewa, na huenda nilielewa nusu. Kampuni iliyoagiza sauti ya kaka yako haikuwa mwenye tamthilia, walikuwa wameikodi tu. Mkataba wao ukaisha. Wenye tamthilia wakawakodisha wengine, na wale wengine hawakutaka kulipia sauti za zamani, ilikuwa rahisi kwao kutengeneza mpya. Kwa hiyo picha zimebaki na sauti imeondoka. Nikauliza imeondoka kwenda wapi. Akasema yeye alikabidhi kila kitu, mkataba haukumruhusu kubaki na nakala.

"Kwa hiyo sauti ni ya nani?" nikamuuliza.

"Kwenye karatasi ni yao."

"Na kooni?"

Akainua mabega. Hakujaribu kunidanganya, nilimheshimu kwa hilo.

Nikamuuliza kuhusu maneno ya farasi, yapi ndiyo ya kweli. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema maandishi aliyopewa kaka yako yalikuwa karibu na haya ya sasa, ninasikitika kukufahamisha. Kaka yako alisoma mara mbili, akaweka karatasi chini, akasema hakuna mtu anayeambiwa hivyo akasikia. Akasema ya kwake. Msimamizi akakasirika, halafu akaomba airudie vile vile. Sasa mimi, wifi, nimebaki hapo katikati. Huyu mpya amesema kilichoandikwa. Kaka yako alisema kisichoandikwa. Nami naomba nirudishiwe kitu ambacho daktari mwenyewe hakuwahi kukisema, na bado naona ndicho cha kweli. Elewa hapo kama unaweza.

Nyuma ya kioo kulikuwa na mwanamume wa rika langu, kitambaa shingoni, anasubiri mashine iwake. Masikio akanionyesha kwa kidevu. Ndiye huyo mwenye sauti mpya. Mchana anafundisha watu kuendesha gari, jioni anakuja kutia sauti. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, hata maneno nilikuwa nayo. Akatoka, akaambiwa mimi ni nani, akasimama akiwa ameshika chupa yake ya maji kwa mikono miwili.

"Niliomba nimsikie yeye kwanza," akaniambia. "Nikaambiwa haipo, imefutwa."

Masikio akasema haikufutwa, iko nchi nyingine ambako mkataba wa zamani haujaisha. Mwalimu wa udereva akasema yeye aliambiwa imefutwa na wakubwa wenyewe. Wakaanza kubishana mbele yangu kama mume wangu yupo au hayupo. Nikawaaga.

Mwalimu akanifuata hadi kwenye ngazi. Akaniomba nimwambie kitu kimoja tu, kaka yako alikuwa anafanyaje kwenye ile ya farasi, maana yeye mwenyewe anajua hakuifanya vizuri. Nikasema sijui, mimi ni mtu wa mikate. Lakini nilipofika nyumbani nikamweleza Mama, naye akajibu hapo hapo: "Ana haraka. Mwanangu alikuwa anavuta pumzi kwanza. Huwezi kumpa mtu habari mbaya na pumzi ya zamani." Nikapiga simu studio, nikaacha ujumbe huo kama ulivyo. Sijui kama walimfikishia, na hata wakimfikishia, sijui kama wataruhusu abadilishe.

Sasa unaona ninakoelekea. Nchi hiyo nyingine, Masikio aliitaja, ni hiyo uliyopo wewe. Nilishuka zile ngazi za chuma nikiwa na furaha ya ajabu, kama mtu aliyesikia kwamba ndugu yake hakufa, amehama tu. Nilianza barua hii nikitaka kukuomba uwashe televisheni yako, utafute tamthilia hiyo, uchague Kiswahili, kisha uweke simu karibu na kipaza sauti ili Mama aisikie ile ya farasi. Shemeji ni hodari wa vyombo hivyo, angekusaidia.

Nilipofika hapa nikaacha kalamu nikaenda sebuleni kumsomea Mama, maana si vizuri kumwandikia mtu ombi la mama yake bila mwenyewe kujua. Nilimsomea yote, hata pale pa wajane, hata pale pa mwehu. Alicheka kwenye paka. Nilipofika kwenye ombi lenyewe akainua mkono.

"Huyo binti yangu yuko hai?" akaniuliza.

Nilidhani hakunisikia. Nikamwambia, "Yuko hai, Mama. Ndiye ninayemwandikia."

"Ana sauti?"

"Anayo."

"Sijaisikia tangu mwanangu azikwe," akasema. "Nyinyi mnazunguka dunia kunitafutia ya marehemu."

Nikamkumbusha kwamba unaandika kila wiki, wala hukosi, na kwamba kila ujumbe wako nakaa hapo karibu naye namsomea neno kwa neno. Akanipapasa mkono hadi akanipata kidole gumba, akakishika kama anavyofanya.

"Unamsoma vizuri, mwanangu, nakushukuru. Lakini unamfanya mpole. Binti yangu hajawahi kuwa mpole hivyo."

Wifi, sikuwa najua. Najua kwa nini hupigi. Siku ile ya msiba ulipiga, nikaweka simu sikioni mwa Mama, mkalia wote wawili hadi simu ikazimika, na hakuna aliyesema neno hata moja. Tangu hapo naona unaogopa kwamba ukipiga itakuwa vile tena. Mimi pia niliogopa, ndiyo maana sikukuhimiza. Nilidhani kwa kukusoma kwa upole nawalinda nyote wawili. Sasa sijui nilikuwa namlinda nani.

Kwa hiyo nimerudi mezani na sijui nikuombe nini. Nilianza barua nikiwa na ombi moja, sasa ninayo mawili na yanasukumana mlangoni. Moyo wangu bado unataka ile ya farasi, sitakudanganya. Mimi ndiye niliyeolewa naye. Nikisikia kwamba iko huko kwenye televisheni yako, kwenye sebule nisiyoijua, nadhani nitapata usingizi hata bila kuisikia. Ukiipata, niambie ipo. Ukikosa, niambie umekosa, usinifiche, nimeshachoka kuambiwa haikuwahi kuwepo.

Lakini hilo lisubiri. Mama anaamka mapema, anakunywa chai, na mimi nikishaondoka kwenda kazini anabaki na simu mezani upande wa kulia, nimeiwekea mlio mkubwa. Ukipiga atapokea mwenyewe, anajua pa kubonyeza. Usijiandae. Ukilia, lia, ila mara hii usikate. Na kama utataka kumgombeza kwa kula sukari, mgombeze kwa ukali wako wote, nadhani ndicho anachokisubiri.

Msalimie sana shemeji, mwambie lile koti alilolituma linanitosha mabegani na linanibana kwingine kote. Wasalimie watoto, na yule wa mwisho mnayemwita Kijiko nambusu kwa mbali. Mama wa ghorofa ya chini anakusalimu, paka wake pia mzima. Waya anakusalimu ingawa hakujui, amesikia tu kwamba upo. Binti anasema shikamoo shangazi, na amenunua kalamu mpya za kusomea, ushahidi ndio huo.

Mungu awape afya, awakinge na baridi hiyo, na awarudishe salama siku mtakapojaliwa kurudi, tuje tuwapokee na mikate ya moto.

Salamu za Mama hazimo humu. Nilimuuliza niandike nini kwa niaba yake, akakataa. Amesema zake atakupa kwa mdomo.

Wako akupendaye bila kupunguza,
mke wa kaka yako,
Mama Mikate.